Chembe Zinazokula Mwanga

Nkwabi alihamia kwa mkewe mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, wakati binti yao Kija alikuwa tayari yuko sekondari ya bweni. Watu wa kijiji cha Mwalubungo walicheka, ingawa si kwa ubaya. Wao walizoea kuona mwanamume akioa na kumpeleka mke kwake. Huyu alikuja na sanduku la bati, godoro lililofungwa kamba, na makasha mawili ya chupa zilizotengwa kwa pamba ili zisigongane. Aliteremka kwenye lori la samaki mbele ya zahanati, akauliza nyumba ya nesi ni ipi, kana kwamba hajawahi kufika.

Alikuwa amefika mara nyingi, lakini kama mgeni. Tangu waoane, yeye alikuwa mkemia wa rangi katika kiwanda kimoja cha nguo kule Nyakato, Mwanza, na Dorotea alikuwa mkunga huku ziwani, upande wa Magu. Kila Dorotea alipoomba uhamisho alijibiwa asubiri, na kila Nkwabi alipofikiria kuacha kazi alijiuliza mkemia wa rangi atafanya nini kijijini. Basi wakaishi ndoa ya mwisho wa mwezi. Wakazaa mtoto mmoja, wakamlea kwa zamu, wakazoea. Kisha likaja hilo lililoitwa soko huria. Mitumba ikajaa mpaka kwenye magulio ya vijijini, vitenge vya nje vikafurika, kiwanda kikazima mashine moja baada ya nyingine, na mwishowe wafanyakazi wakapunguzwa. Nkwabi alikuwamo.

Dorotea alimpokea kwa furaha ya kweli, na ndani ya wiki moja akagundua kwamba hajui kuishi na mume. Alikuwa amezoea kulala katikati ya kitanda. Alikuwa amezoea kula amesimama jikoni, sahani mkononi, sikio likiwa zahanati. Msumari uliokuwa wa aproni yake sasa ulikuwa na taulo la mtu. Na mtu mwenyewe hakuwa akizungumza. Asubuhi alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaenda kukaa juu ya jiwe na kulitazama ziwa mpaka jua linakuwa kali. Kucha zake zilikuwa bado za buluu kwa rangi ya kiwandani.

"Baba Kija," Dorotea alimwambia siku moja, "zile chupa umezibeba kutoka Nyakato kuja kuzitazama tu?"

"Walikuwa wanazimwaga," Nkwabi alisema. "Walipofunga maabara walituambia anayetaka achukue. Wenzangu walichukua viti."

"Na wewe ukachukua chupa."

"Nikachukua chupa."

Dorotea alicheka mpaka akaegemea mlango. Nkwabi alimtazama kwanza kwa mashaka, halafu naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfungua ulimi. Akamweleza. Miaka miwili nyuma rafiki yake wa chuo, aliyekuwa akisoma ng'ambo, alimtumia makala ya kisayansi kuhusu chembe ndogo mno, ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya zahanati isingeziona. Chembe hizo zikipigwa na mwanga usioonekana kwa macho, ule mkali wa jua unaochubua ngozi na kupausha nguo, hung'aa rangi ya machungwa. Na Nkwabi aliposoma vitu vinavyotumika kuzitengeneza alikaribia kuinuka kitini, maana karibu vyote vilikuwa rafuni mwake: chumvi ya zinki, manganizi kidogo, dawa ya salfa waliyotumia kuyeyushia rangi nyeusi, na ile gundi ya kukazia nyuzi kabla ya kufumwa.

"Sasa ziking'aa ndiyo nini?" Dorotea aliuliza.

Nkwabi alinyoosha kidole kwenye paa la zahanati. Pale juu palikuwa na paneli mbili za sola zilizotolewa na kanisa fulani la nje: moja ya friji ya chanjo, nyingine ya taa ya chumba cha kujifungulia. "Ile paneli hailijui jua lote," alisema. "Mwanga mwekundu na wa machungwa inaula vizuri. Ule mkali usioonekana inaushindwa, unaishia kuwa joto tu. Nikipaka utando wa chembe zangu juu yake, chembe zitaula ule mwanga mkali, kisha zitautoa ukiwa laini, ule paneli inaouweza."

Dorotea alifikiri kidogo. "Kama bibi anavyomtafunia mjukuu asiye na meno."

Nkwabi alimkazia macho mkewe kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Hasa," alisema. "Hasa kabisa, Mama Kija."

Kuanzia hapo jiwe lile likakosa mtu. Nkwabi aligeuza banda la kuku kuwa maabara, kuku wakahamia mwembeni bila kuulizwa. Alichanganya, akakoroga, akachuja kwa kitambaa cha shuka kuukuu, na harufu ya mayai viza ikaenea mpaka kwenye benchi la wajawazito. "Nesi, kwako kumekufa nini?" waliuliza. "Hakujafa kitu," Dorotea alijibu, "mume wangu anapika." Wakaangua kicheko. Lakini jioni, alipomkuta mumewe amejiinamia juu ya bakuli, midomo ikitembea kama ya mtu anayesali, alimwekea chakula kando na kuondoka kwa kunyata. Aliona kwamba mwanamume huyu ambaye kwa miaka yote alimjua kwa Jumamosi na Jumapili, alikuwa na sura nyingine ya siku za kazi, na kwamba sura hiyo ilikuwa nzuri.

Kujua kama chembe zimekubali kulihitaji taa maalumu. Taa ya namna hiyo Mwalubungo haikuwapo, lakini Mwanza zilikuwa zimeingia pamoja na maduka ya kubadilishia fedha za kigeni, kwa ajili ya kukagulia noti bandia. Suhaib, aliyesoma na Nkwabi darasa moja, alikuwa na duka kama hilo Nyamagana, karibu na soko kuu. Dorotea alikuwa na dawa za kufuata mjini siku moja, wakaenda pamoja.

"Karibu shemeji," Suhaib alisema, akaacha wateja kwa msaidizi wake na kuwapeleka stoo ya nyuma. "Mumeo tangu shuleni ni mtu wa kuchanganya mambo. Aliwahi kututoa darasani wote kwa moshi."

Aliziba dirisha kwa pazia zito, akawasha kale kataa ka zambarau. Shati jeupe la Nkwabi likawaka buluu. Nkwabi akatoa mfukoni kipande cha kioo kilichofungwa kwenye leso. Kilikuwa kama kioo kingine chochote, kimefifia kidogo tu. Alikisogeza chini ya taa.

Kikawaka. Rangi ya machungwa, tulivu, bila moto na bila moshi, kama kaa la mkaa ambalo mtu angeweza kulishika. Mwanga ule ulipanda ukamgusa Nkwabi kidevuni na mashavuni, na Dorotea akaona machozi yakimlengalenga. Hakujua kwamba mumewe hulia. Alitafuta mkono wake gizani, akaushika, naye Suhaib, mtu muungwana, akajifanya anatafuta kitu rafuni.

Waliporudi walipaka paneli ya taa. Nkwabi alipanda ngazi, Dorotea akaishika chini, kisha wakangoja gundi ikauke juani. Adhuhuri Nkwabi aliunganisha mita yake ya umeme, ile ya sindano. Sindano ilikuwa imesogea mbele, upana wa ukucha tu. Mtu mwingine asingeona. Nkwabi alipima tena, akafunika paneli kwa kanga ya mkewe, akafunua, akapima tena.

"Imeongeza?" Dorotea aliuliza.

"Kidogo sana."

"Lakini imeongeza?"

"Imeongeza."

Hata kidogo hicho kilionekana. Betri ya taa ilikuwa imechoka, na jioni za wiki zile taa haikufifia mapema kama ilivyozoea. Dorotea alitembea kijijini kifua mbele. Ni yeye, na si Nkwabi, aliyesema kwamba na ile ya friji ipakwe.

"Tungoje kwanza tuone," Nkwabi alisema.

"Tungoje nini? Friji ndiyo inayonisumbua kuliko taa. Paka, Baba Kija. Ninayeulizwa ni mimi."

Mganga wa zahanati alikuwa masomoni, na kweli aliyeulizwa alikuwa Dorotea. Nkwabi akapaka.

Kiangazi kilipokuwa kikiisha, hewa ilibadilika. Ziwa lilianza kutoa unyevunyevu, nguo zilizoanikwa zikawa hazikauki sawasawa. Wiki hiyo Nkwabi alienda Mwanza kutafuta gundi nyingine, na Dorotea akapata mzazi aliyemweka hapo bila kutoka, uchungu ukija na kupotea. Nje, juu ya maji, waliinuka wale wadudu wa ziwa ambao kwa mbali mtu hudhani ni moshi wa moto mkubwa. Upepo ukawaleta ufukweni. Kwa kawaida hupita, wakaacha vumbi la mbawa kwenye madirisha, mtu akafagia yakaisha. Dorotea alifunga madirisha ya chumba cha uzazi na kuendelea na kazi yake.

Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye sauti. Baada ya kumpangusa na kumweka kwa mamaye ndipo Dorotea alipokwenda kwenye friji kuangalia kipimajoto, kama afanyavyo kila asubuhi na jioni. Jana yake alikuwa hakuangalia. Joto lilikuwa limepanda mpaka karibu na mstari mwekundu.

Alitoka mbio, akapanda ngazi kwa gauni lake la kazi. Paneli ilikuwa nyeusi. Unyevunyevu ulikuwa umeilainisha ile gundi ikawa kama ulimbo, na wadudu wakanasa kwa maelfu, tabaka juu ya tabaka, kama paneli iliyoota manyoya. Paneli ya taa nayo ilikuwa vilevile. Alijaribu kufuta kwa mkono; alipaka matope tu.

Hakukaa kulia. Alishuka, akachukua kasha la kubebea chanjo na kukimbilia mwaloni, mahali ambapo mitumbwi ya sangara hushusha. Siku hizo viwanda vya minofu Mwanza vilikuwa vikituma barafu mpaka fukwe za mbali, na wakala wa pale alikuwa mwanamke mmoja mnene, mcheshi, aitwaye Mhoja, ambaye Dorotea alimzalisha mapacha.

"Mhoja, nipe barafu."

"Nesi, hii ni ya samaki wa kiwanda. Nikipunguza hapa—"

"Chanjo za watoto zinaharibika."

Mhoja hakumalizia sentensi yake. Alichota barafu kwa koleo lake mwenyewe, na alipoona kasha limejaa akajaza na ndoo, akaibeba kichwani mpaka zahanati. Dorotea alizifunga zile chupa ndogo kwa kitenge ili barafu isizigandishe, maana kuna chanjo ambazo baridi kali huziua sawa na joto. Alipofunga kifuniko aliketi juu ya kasha.

"Ni ule upishi wa shemeji?" Mhoja aliuliza, akitazama juu ya paa.

"Ni wangu," Dorotea alisema. "Mimi ndiye niliyesema apake."

Nkwabi alirudi kesho yake akamkuta mkewe juu ya ngazi, ndoo ya maji ya vuguvugu imening'inia, akisugua. Gundi ile ilikubali maji upesi. Utando wote ulitiririka chini ya ukuta, wadudu na chembe pamoja. Nkwabi alisimama akiangalia kazi yake ikimezwa na mchanga. Alimpokea tambara, akamshusha kwa kumshika kiuno, akapanda yeye na kumaliza.

Dorotea alipeleka taarifa wilayani mwenyewe. Msimamizi wa chanjo alikuja, akapima, akauliza maswali makali, akamkaripia mbele ya wagonjwa, na mwishowe akasema chanjo hazikuharibika. Dorotea alisema ahsante kwa karipio na kwa habari hiyo, vyote pamoja. Nkwabi alisikia kila neno akiwa nyuma ya ukuta.

Siku zilizofuata alirudi kwenye jiwe lake. Jumapili moja mchana, Dorotea alipokuwa akipepeta mchele kibarazani, Nkwabi alikuja akaketi karibu naye, akavuta ungo mwingine na kuanza kuchambua mawe.

"Suhaib ana ndugu yake," alisema bila kuinua macho. "Amefungua kiwanda cha sabuni, kulekule Nyakato. Anataka mkemia."

"Lini alikuambia?"

"Safari ile ya gundi. Nilikuja niko tayari kukuambia nimeikataa, tucheke nayo tu. Kisha nikakukuta kwenye ngazi."

Dorotea aliendelea kupepeta. Alijiona anarudi kulala katikati ya kitanda, msumari ukiwa wa aproni tena. Miezi sita nyuma angeona ni nafuu. Sasa wazo hilo lilimpita kifuani kama maji baridi.

"Ni kazi nzuri," Nkwabi alisema. "Nitakuja mwisho wa mwezi, kama zamani."

"Unaifuata kazi," Dorotea aliuliza, "au unaikimbia aibu?"

Nkwabi aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilikuwa vikirudia kutafuta jiwe mahali ambapo hapakuwa na jiwe.

"Maana kama unaifuata kazi nitakufungia mizigo. Nimefunga mingi. Lakini kama ni aibu, tulipanda ngazi wawili. Mimi nilisema paka, wewe ukasema tungoje. Watu wote wilayani wanajua, kwa sababu niliandika hivyo."

"Uliandika hivyo?"

"Niandike nini kingine, uongo?" Dorotea aliweka ungo chini. Aliyoyasema baadaye hakuwa ameyapanga. "Nimewapokea watoto wa kijiji kizima, Nkwabi, na kila mara baba wa mtoto yuko nje anangoja. Kija nilimzaa peke yangu, wewe uko zamu. Sikulalamika, ndivyo ilivyokuwa. Lakini sasa nimezoea kukusikia unakohoa kule bandani. Usiku nikiitwa, nikirudi, naona umeniwekea maji ya moto. Sitaki mwisho wa mwezi tena. Baki."

Alikuwa amemwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Kija azaliwe. Nkwabi aliinua uso, na ule ukimya wa kwenye jiwe haukuwamo.

"Kosa lilikuwa kuzipaka juu, hewani," alisema polepole. "Zingekuwa katikati ya vioo viwili, kingo zimezibwa, unyevu usingezifikia."

"Sijakuuliza habari za chembe."

"Najua. Nakujibu. Nabaki."

Dorotea akampiga begani kwa ungo, mchele ukamwagika, wakaanza kuuokota wakicheka.

Kazi ya sabuni aliichukua kijana mwingine. Nkwabi alipata vipindi vya kemia katika sekondari mpya iliyokuwa imefunguliwa na wazazi njia ya kwenda Magu, shule yenye wanafunzi wengi na isiyo na mwalimu hata mmoja wa sayansi. Alikwenda kwa baiskeli asubuhi na kurudi alasiri. Vioo viwili vyembamba alivikata mwenyewe, akaupaka utando kati yavyo, akaziba kingo kwa gundi ya fundi wa madirisha, na safari hii hakugusa paneli ya zahanati. Alinunua kapaneli kadogo kakuukuu ka kuchajia redio, akakiweka kioo juu yake, vikakaa juu ya banda la kuku mvua zote za masika. Wadudu wa ziwa walikuja wakapita. Kioo kilifagiwa kwa mkono kikang'aa.

Mafanikio hayakuwa ya kutangazwa redioni. Vioo viwili vilikula mwanga kidogo, chembe zikaurudisha na ziada ndogo, na Nkwabi aliona kwamba jua la ziwani huzichosha chembe zenyewe, kila kiangazi zikawa zinang'aa hafifu kuliko kilichopita. Ikambidi azitengeneze upya. Alimwandikia yule rafiki wa ng'ambo habari zote, za wadudu zikiwamo, na rafiki akajibu kwamba huko maabarani tatizo la wadudu hawakuwa wamewahi kulifikiria.

Dorotea alikaa na jambo hilo msimu mzima kabla ya kuomba kibali wilayani cha kukiweka kioo juu ya paneli ya taa, ya taa tu. Alipewa.

Alasiri moja ya Novemba mawingu yalishuka mpaka juu ya mawe ya ufukweni, chumba cha uzazi kikawa giza kabla ya saa yake. Dorotea alibonyeza swichi, taa ikawaka nyeupe na thabiti, akafanya kazi yake bila kuwaza juu ya taa hata mara moja. Alipotoka kumwita baba wa mtoto, mvua ilikuwa imeanza. Kibarazani walikuwa wamekaa wanaume wawili, yule baba mpya akitetemeka, na Nkwabi, daftari za wanafunzi magotini, akimweleza kwa sauti ya chini kwamba yote yatakwenda vizuri, kwamba nesi wa hapa hana mfano.

"Wewe umefika saa ngapi?" Dorotea aliuliza.

"Tangu uingie," Nkwabi alisema. "Nilikuwa nangoja."